Viatu vya Kipaimara

Mama mkwe wangu, Goreth, anakaa Ikola, na mguu wake umevimba tangu masika. Asingeweza kuja Mpanda kwenye kipaimara cha binti yangu Glory. Nikamwahidi kwa simu kwamba nitamletea video ya HD, aone hata mafuta ya krisma yakimeta kwenye paji la uso la mjukuu wake. Kazi yangu ni kurekodi sherehe. Sikuona cha kunishinda.

Jumamosi nilirekodi harusi mbili, nimesimama kutwa. Jumapili asubuhi nikaijaribu kamera uani kwetu Makanyagio, nikabonyeza kitufe cha kurekodi na kusahau kukibonyeza tena. Tukatembea hadi kanisani, kamera inaning'inia mkononi. Askofu alipomfikia Glory nikabonyeza ianze. Kumbe ndipo nilipoizima. Alipomaliza nikabonyeza izime, ikaanza. Taa nyekundu ilikuwa mbele ya macho yangu. Sina wa kumlaumu.

Nyumbani tulitazama, mimi na Glory. Vumbi, mawe, viatu vyeupe vya Glory vikienda. Kisha viatu hivyohivyo vikirudi. Nikazunguka kwa wazazi waliorekodi kwa simu. Kila mmoja alirekodi mtoto wake. Kwenye moja tu Glory alionekana, nusu sikio.

"Kwa hiyo bibi ataona nini?" akauliza Glory.

"Viatu."

Hakucheka.

Jumatatu nikapanda basi la Ikola. Nilimkuta mama kakaa mlangoni, amevaa kitenge kipya kwa ajili ya kutazama video. Nikamweleza kabla sijaketi kwamba nimeharibu, mafuta hayamo. Akawafukuza kuku kwenye dagaa walioanikwa.

"Mafuta utanisimulia," akasema. "Chomeka huo waya. Sikuvaa kitenge bure."

Nikaunganisha kamera na runinga yake. Kila kitu kilionekana, hadi uzi mweusi niliotumia kushonea kiatu cha kushoto. Mama akasogeza kigoda mbele.

"Huyu anatupa mguu nje kama Venant."

Venant ni marehemu mumewe.

"Nyie mnaokaa naye hamjaliona hilo, Mama Glory?"

Nikasema sikuwahi kuangalia.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya nne nikamwonyesha kitufe cha kurudisha, nikaegemea ukuta na kufumba macho. Nikasikia viatu vinakwenda kanisani tena.