Mikalitusi ya Ubatizo

Mti wa Émérance ulikuwa mnene kuliko yote, na katekista Ananie aliupenda kwa majivuno ambayo hakuyaungama hata kwa Padri. Ulisimama kwenye chemchemi ya kilima cha Mususa, mbele ya mikalitusi mingine, kwa sababu Émérance, binti yake, ndiye mtoto wa kwanza kubatizwa katika kanisa lao la udongo.

Mpango ulikuwa wa Padri Edmond, Mbelgiji mwenye ndevu nyingi na haraka nyingi zaidi. Kwanza aliangusha mti wa mababu uliokuwa pale chemchemini, maana watu waliweka maharagwe chini yake na kuomba wasiugue. Alihubiri kwamba uhai wa mtu uko mikononi mwa Mungu, haumo ndani ya mti, na Ananie akatafsiri kwa Kinande, tena kwa kutia chumvi. Kisha Padri, akitaka mbao za kujengea shule, akaagiza kila mtoto anayebatizwa apandiwe mkalitusi, na mti upewe jina lake. Aliinyunyizia yote maji ya baraka. Yeye alidhani anapanda mbao.

Mtoto akipata homa, mama yake alikwenda kuutazama mti wake. Majani yakinyauka, baba hakupata usingizi. Ananie angeweza kuwakemea, lakini aliona jinsi watoto wanavyoletwa kubatizwa kwa wingi, akanyamaza. Mwishowe akaamini na yeye.

Uhuru wa Kongo ukaja, waasi wakaja, Padri akapanda lori akaenda zake upande wa Uganda. Askari wa serikali wakawafukuza waasi, halafu wakabaki wao, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliombea. Na mwaka huo wa 1965 chemchemi ikakauka. Mikalitusi hunywa kama walevi msibani. Kila mkulima wa Mususa alilijua hilo, ila nani angelisema, wakati walevi wenyewe walikuwa na majina ya watoto wao?

Ananie akatangaza novena, sala za siku tisa. Waumini waliizunguka chemchemi kavu wakiimba litania, wamejikinga jua chini ya miti ile ile iliyoikausha, wakimwomba Mungu maji. Mungu hakujibu. Pengine alikuwa bado anashangaa.

Basi maji yakawa ya mtoni, chini kabisa bondeni, na njia ya mtoni ilipita mbele ya kizuizi cha askari. Mkubwa wao, sajini Xavier, alitoka mkoa wa mbali. Alivaa rozari shingoni, na hakumruhusu msichana apite kabla hawajazungumza kidogo.

Jioni moja Émérance alirudi bila mtungi, mkono wa gauni umechanika.

"Baba, ule sergent amenikamata mukono," alisema. "Anasema kesho nibakie kule, niwapikie. Camion moja ya mizigo ikafika, akaniachilia, nikakimbia."

Godelive, mama yake, hakulia. Alitoa shoka nyuma ya mlango, akaliweka miguuni pa mumewe.

"Baba Émérance, kata ile miti."

"Mama Émérance! Mungu aliweka Adamu mu bustani juu ya kuilinda. Na mon Père alibariki ile miti. Nitakata je mutoto wangu?"

"Mutoto wako ni huyu, iko anatetemeka. Ile ya kule ni muti. Donc unalinda muti ya Émérance, na Émérance mwenyewe unamutuma kwa basoda?"

Ananie aliinama akalishika shoka. Katekisimu yote alikuwa nayo kichwani, majibu kwa maswali, na hili halikuwamo. Aliona aibu, aibu ile inayochoma masikio.

Asubuhi aligonga kengele. Waumini walipofika na kuelezwa, wakaenda wote chemchemini, na Maliro, mkubwa wa baraza la kanisa, akaleta kiti akamkalisha Émérance, ili akianguka asianguke vibaya. Ananie akaanza kukata. Hakuna aliyeutazama mti. Wote walimkodolea macho msichana. Kila shoka lilipotua, wanawake walimpapasa.

"Unasikia nini? Inauma fasi gani?"

"Niko nasikia njaa tu," alijibu Émérance.

Mti uliyumba, ukalia, ukalala chini kwa kishindo. Wengine walifumba macho. Walipoyafumbua, Émérance alikuwa amesimama, anauliza kama sasa anaweza kwenda kula.

Ananie, jasho likimtiririka, akawanyooshea shoka. "Mumeona. Sasa tukate ya kwenu."

Maliro akakohoa. "Mwalimu, ule ni mutoto wa katekista. Mungu anamuchunga sana. Ya kwetu ni batoto ba batu ba bure."

Wakaimba wimbo wa shukrani kwa muujiza ule mkubwa, wakarudi makwao. Miti yao ikabaki imesimama vizuri, na chemchemi ikabaki kavu.

Kesho yake Godelive aliamka mapema. Aliazima mtungi kwa jirani, akauweka mlangoni. Émérance akausogelea. Ananie akamtangulia, akaushika, akaivuta kamba ya kubebea mpaka kwenye paji la uso wake mwenyewe kama wafanyavyo wanawake, akashuka bondeni. Katika Mususa nzima hakuna mwanamume aliyewahi kuonekana hivyo mchana kweupe.

"Oyo nini? Hii ni nini?" sajini Xavier akashangaa. "Iko wapi ule mutoto mwanamuke?"

"Iko ku nyumba. Kutoka leo mayi ni kazi yangu."

Sajini akacheka mpaka rozari ikamrukaruka kifuani. Akampungia mkono apite. Atamfanya nini mzee mwenye mtungi?

Kupanda ndiko kulikomfundisha. Kamba ilimkata ngozi, shingo ikawaka moto. Alimkumbuka Godelive, aliyepanda hivi tangu arusi yao huku yeye akitembea mbele na kitabu cha sala, na machozi yakamtoka njiani bila kificho.

Alifika kanisani, waumini wakimngoja kwa sala, koti limelowa mgongo mzima. Wanawake walicheka, lakini hawakucheka sana. Berthe, mke wa Maliro, aliuzunguka ule mtungi, akaikagua kamba kwenye paji la uso wa katekista.

"Kumbe hata shingo ya mwanaume inaweza," alisema.

Polepole, bila kupatana, wanawake wakageuka na kuwatazama waume zao waliokaa kivulini.

Mchana ule ule shoka la kwanza lilisikika chemchemini. Lilikuwa la Maliro. Kabla ya Jumapili hapakubaki mkalitusi hata mmoja, na kati ya wale akina baba waliotetemekea uhai wa watoto wao, hakuna aliyeinua kichwa kumuuliza mwanawe anasikia nini.