Dua kwa Binti wa Machimboni

Jalada la kitabu lilikuwa na duara la dhahabu kwenye pembe ya juu, linang'aa kama kifungo cha koti la gwaride. Mama Pasi alijifuta viganja kwenye gauni kabla ya kukipokea. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake kwa dobi mkubwa wa mtaa wa pili, ambako alishinda amesimama akinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu wa maofisini. Jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mwalimu wa masomo ya jioni alimwita hivyo hivyo.

"Hii ni riwaya ya watoto," mwalimu alisema huku akiwagawia wanafunzi wake, watu wazima watupu. "Lugha yake nyepesi, lakini mambo yake si mepesi. Imepata tuzo. Mnaiona ile alama?"

"Ya watoto?" Seremala aliuliza kutoka nyuma, kwenye dawati ambalo magoti yake yalikataa kuingia chini yake. "Mwalimu, mimi nina wajukuu."

"Basi ukimaliza utawasomea."

"Wao ndio watakaonisomea mimi."

Darasa likacheka. Mama Pasi hakucheka, maana alikuwa ameshafungua ukurasa wa kwanza na kidole chake kilikuwa kinatembea kwenye mstari. Kulikuwa na binti. Baba yake aliugua kifua kwa vumbi la mawe, mama alikuwa amefariki, na wadogo zake walikuwa wanamtazama yeye. Asubuhi moja binti yule alichukua nyundo ya baba yake, akateremka machimboni.

Mama Pasi alijifunza kusoma ukubwani. Mpaka siku ile alikuwa amesoma vitu vya aina mbili tu: maandiko matakatifu, na vile vipande vya kitabu cha darasani vinavyoeleza jinsi ya kuchemsha maji na kukinga watoto na homa. Vyote vilisema kweli. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kukaa kitako akamtunga binti mzima, akampa baba wa kukohoa na wadogo wenye njaa, kisha watu wakakubali kumchapa kitabuni. Na lile duara la dhahabu alilielewa kwa namna yake. Ile ni medali. Binti alipewa kwa uvumilivu wake, na picha ya medali hiyo ikawekwa juu ya jalada ili msomaji asife moyo.

Nyumbani alikuwa na binti mwingine, huyu wa damu na nyama, mtoto wa marehemu mdogo wake. Mama yake alimpa jina la utani la Chiriku enzi akiwa mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akichonga maneno yasiyoeleweka tangu alfajiri. Sasa Chiriku alikuwa msichana wa darasa la mwisho shule ya msingi, na maneno yalimkwama kooni. Kigugumizi kilimjia baada ya msiba, kikakaa. Kule shule, kila walipofika kwenye kusoma kwa sauti, wenzake walimwita Redio Mbovu. Walioketi nyuma yake walimpiga mgongoni kwa kiganja, kama watu wanavyopiga redio iliyonyamaza. "Gonga tena, itasema," walisema. Siku moja alirudi nyumbani, akakunja sare yake, akaitia chini ya godoro. Hakwenda tena.

Mama Pasi alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwalimu mkuu, mtu asiyependa maneno mengi, alimwambia waziwazi: "Jumatatu tunawapanga wa mtihani. Asipokuwepo Jumatatu, mwaka huu umempita. Na mimi nimewaona wengi, mama. Anayekosa mwaka huu, mwakani huwa harudi."

Kwa hiyo jioni zile Mama Pasi alikuwa na mambo mawili ya kumwambia Mungu alipopiga magoti kando ya kitanda. La kwanza lilikuwa Chiriku. La pili lilikuwa binti wa machimboni. Alikuwa akisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, na Chiriku alikuwa anaosha vyombo kwa utulivu usio wa kawaida, sufuria moja ikipanguswa mpaka inataka kutoboka. Walifika pale ukingo wa shimo ulipoporomoka na kumfunika binti, ukabaki mkono mmoja tu unaoonekana juu ya udongo. Hapo taa ikafifia, Mama Pasi akafunga kitabu.

"A-a-ametoka?" Chiriku aliuliza.

"Atatoka. Si unaiona medali yake?"

Chiriku alitazama jalada, akafumbua mdomo, akaufumba.

Darasa la jioni lilikuwa katika ukumbi wa nyuma wa nyumba ya ibada, na walikuwa wamezoea kufunga kwa dua, kila siku mtu wake. Ijumaa ilikuwa zamu ya Mama Pasi. Alisimama, akafumba macho, akaanza kama alivyoanza maisha yake yote.

"Ee Mungu wetu, mgongo wa ndugu yetu wa lori uupe nafuu. Mwalimu wetu mlinde njiani. Na yule binti wa machimboni, Baba, mfikishie hewa huko chini. Nimemwacha jana mkono mmoja tu ndio unaonekana. Wape waliomzunguka akili ya kuchimba kwa uangalifu. Na medali yake, asitokee mtu wa kumdhulumu."

Mtu akakohoa. Kikohozi kikapasuka kikawa kicheko, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima kabla hajasema amina.

"Dada yangu," Seremala alisema akijifuta macho, "huyo binti hayupo. Ni hadithi. Ametungwa."

"Ametungwa na nani?"

"Na mwandishi."

"Na medali?"

"Ndiyo hiyo tuzo. Kapewa mwandishi."

Mama Pasi alifikiri. "Kwani mwandishi ndiye aliyefunikwa na udongo?"

Hapo watu walivunjika mbavu. Dereva wa lori, pamoja na mgongo wake uliokuwa umetoka kuombewa, alijilaza juu ya dawati. "Ukimaliza huyo," alisema, "mwombee na sungura wa zile hadithi za bibi. Yule naye ana maadui wengi."

Mwalimu aliinua mkono kuwanyamazisha, lakini na yeye alikuwa ameuma mdomo wa chini, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Hilo ndilo lililomchoma Mama Pasi kuliko mengine yote. Alikusanya vitu vyake, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nyumbani alikiweka kitabu juu ya kabati, mgongo wake ukiangalia ukuta. Chiriku alikuwa ameshaosha vyombo, amekaa tayari kwenye kigoda.

"Hatusomi leo," Mama Pasi alisema. "Yule binti hayupo. Ametungwa."

"Ni-ninajua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Ta-tangu mwanzo."

"Na ukaniacha nikapiga magoti kila siku?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "U-ulikuwa una-unamwombea vizuri, Mama mkubwa."

Mama Pasi alijitupa kwenye kiti. Kisha akasema kwamba darasa lile ametoka na harudi. Umri wake wa kufanywa kichekesho umepita. Kusoma maandiko anajua, na hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Kuhusu Jumatatu alikuwa na neno moja tu: Chiriku anarudi shule, atake asitake, na mkono atamshika yeye mwenyewe mpaka mlangoni.

Maneno yalimpanda na kumshuka mtoto kooni, na Mama Pasi, aliyezoea, alisubiri.

"Wa-watu wakikucheka we-wewe unaacha," Chiriku alisema. "Wa-wakinicheka mimi, ni-niende?"

Hakulisema kwa jeuri. Aliuliza tu, kama mtoto anayetaka kujua.

Jumamosi kazini kulikuwa na rundo la mashati. Mvuke ulijaa chumba, wanga ulinuka, na msimamizi alipita kila mara akihimiza. Mama Pasi alikuwa na mazoea yake ambayo hakumwambia mtu. Kila shati alilolinyoosha, alimwombea mwenye shati. Akifika kwenye kola aliomba mwenyewe aende salama na arudi salama. Akifika kwenye kifua aliomba moyo wake upate amani. Shati lenye kiraka, au lenye kifungo cha rangi tofauti, lilipata dua ndefu kidogo. Mikono yake ilifanya hivyo bila kuagizwa, miaka nenda miaka rudi.

Alikuwa kwenye mkono wa shati moja la buluu alipojisikia anaomba, akasimama. Mwenye shati lile ni nani? Hamjui. Hajapata kumwona hata mmoja wao. Huenda huyu alikuwa na kilio nyumbani, huenda alikuwa mwizi, huenda alishakufa na ndugu zake wanatayarisha nguo za kugawa. Yeye alikuwa akipeleka dua na Mungu alikuwa akijua pa kuzifikisha.

Basi dua ile ya binti wa machimboni nayo haikupotea njia. Wapo mabinti wa kweli waliokuwa na nyundo mkononi asubuhi ile ile, wenye baba wa kukohoa. Mungu hakukosa wa kumpa.

"Mama Pasi, unachoma shati," msimamizi alisema.

Aliinua pasi haraka. Kitambaa kilikuwa kimepona kwa kudra.

"Samahani, mzee. Nilikuwa nimefika mbali."

"Rudi."

"Nimesharudi," alisema, na akajikaza.

Darasa la Jumamosi lilianza mapema, jua likiwa bado juu. Mama Pasi aliingia akiwa ameongozana na Chiriku, akamkalisha karibu na mlango. Dereva wa lori alijifanya anatafuta kalamu.

"Mwalimu," Mama Pasi alisema, "naomba leo nisome mimi. Kuanzia pale udongo ulipoporomoka."

"Mama Pasi, kuhusu jana, kwa kweli..."

"Jana imepita. Naomba nisome."

Mwalimu alimwachia nafasi mbele. Mama Pasi alisimama, kitabu kimeshikwa kwa mikono miwili. Mistari ya kwanza ilikwenda. Wa nne ukamshinda, akalikosea neno, na kutoka upande wa dirishani kikaponyoka kicheko kidogo, cha puani. Aliinua macho, akaona Chiriku amekaza macho kwake bila kupepesa. Akayarudisha kwenye kitabu, akalitafuta lile neno, akalisema tena, akaendelea.

Alisoma jinsi wachimbaji walivyotupa sururu na kuchimba kwa vidole ili wasimjeruhi. Alisoma jinsi mdogo wa yule binti alivyoushika ule mkono mmoja na kukataa kuuachia, hata walipomwambia apishe. Akakosea tena, akarudia tena. Hakuna aliyecheka mara hiyo, au kama alicheka, yeye hakusikia. Binti alitolewa, macho yamejaa vumbi, anapumua, mkono umevunjika.

Mama Pasi alifunga kitabu.

"Mkono gani?" Seremala aliuliza.

"Kitabu hakijasema."

"Kingesema. Nyundo huwa anaishika na upi?"

"Mzee," Dereva wa lori alimnong'oneza, "si ulisema huyo hayupo?"

"Hebu nyamaza wewe. Kama ni wa kulia, wale wadogo zake watakula nini?"

Mama Pasi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Dua ya kufunga siku ile alipewa mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi Chiriku alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sare imenyooka kwa pasi ya mtu anayejua kazi yake, mikono katikati ya magoti.

"Wa-watanipiga mgongoni."

"Hilo nakwenda kulimaliza mimi leo leo," Mama Pasi alisema. "Mkono wa mtoto wa mtu hautakugusa tena, hata kama itabidi nikae darasani na pasi yangu. Lakini kucheka, mwanangu, siwezi kuwazuia. Watacheka."

Chiriku aliifikiria ahadi ile, ilivyo nusu. Kisha akainuka.

Mwalimu mkuu aliwapokea mlangoni mwa shule, akamsikiliza Mama Pasi mpaka mwisho bila kumkata kauli, akaongozana nao hadi darasani. Alipanga upya waliokaa nyuma, na dawati lililokuwa nyuma ya Chiriku likabaki tupu. Halafu mwalimu wa darasa akawataka watoto wafungue vitabu vya kusoma.

Mama Pasi alikuwa ameshavuka kona ya jengo alipoisikia sauti anayoijua. Alisimama chini ya dirisha, mgongo wake ukigusa ukuta.

"Ha-hapo za-za..."

Kicheko kililipuka, cha watoto wengi. Mwalimu akagonga meza. Baada ya hapo pakawa kimya, kimya kirefu, na Mama Pasi akashika kifua. Miguu ilitaka kumpeleka ndani. Aliizuia. Midomo yake ilikuwa inaomba, bila sauti, bila hata maneno.

"Za-zamani," sauti ikasema, ya chini, kavu, "pa-palikuwa na..."

Kicheko kingine kikasikika, kifupi zaidi. Sauti haikusimama. Ilijikwaa, ikainuka, ikajikwaa, ikasonga mbele kwa neno moja zaidi, kisha moja tena.

Mama Pasi hakungoja amalize. Alikuwa amechelewa kazini, na sentensi ile ilikuwa ndefu.