Kichwa cha Faili ya Opala

Ndege ya misheni ilikuwa tayari pale uwanja wa Simi-Simi, imejaa dawa za malale, na rubani alisema angengoja mpaka saa nne tu. Kilichokosekana ni orodha ya wagonjwa: nani apewe dawa gani, katika kijiji gani cha Opala. Karatasi zilizama mto Lomami pamoja na mtumbwi. Nakala pekee ilikuwa kwenye diskette, na Mbelgiji aliyeiandika alikwisha rudi kwao.

Faustin, mkuu wa ofisi ya afya, alifungua faili iitwayo OPALA.TXT, yaani maandishi matupu. Kioo cha kompyuta kikamjazia alama zisizo na kichwa wala miguu.

"Bon, imeoza," alisema. "Tutarudi kule, tuhesabu wagonjwa upya."

Hiyo ni miezi mitatu, na malale hayangoji mtu. Lakini Faustin alikuwa mwepesi wa kukata tamaa, na mwepesi zaidi wa kufuta. Diskette zilikuwa haba, akaanza kuandika amri ya kuisafisha hiyo.

"Ngoja kwanza, papa," alisema Générose, katibu wake. "TXT iko jina tu. Kwa karatasi ya serikali niko citoyenne Mbambu, ku nyumba bananiita Générose. Mutu ni moja. Tuangalie kichwa yake, ile mwanzo ya ndani."

Akaketi, akaandika amri fupi kwenye kioo cheusi. Mashine ikaonyesha faili ilivyo ndani: safu za tarakimu, na pembeni herufi. Mwanzoni kabisa zilikuwapo W, P, C. Akafungua daftari lake. Kumbe mama huyu, kwa miaka miwili, kila faili iliyopita mikononi mwake alinakili herufi zake za kwanza, na programu iliyoifungua. Hakuna aliyemtuma. Usione vyaelea, vimeundwa.

"Hii haiko texte, papa. Iko ya ile programu ya kuandikia ya masista wa misheni."

Programu hiyo ilikuwa kwenye sanduku la diskette. Alipoifungulia faili, majina yakajipanga: mia nne na kumi na mawili, kila moja na kijiji chake na dawa yake. Faustin alimwonea fahari waziwazi, akampigia makofi peke yake, bila kujali cheo.

Dereva wa ofisi alipoondoka na orodha iliyochapwa kuwahi ndege, Faustin alilitazama lile sanduku la diskette.

"Na zile diskette tisa nilizofuta mwaka jana," aliuliza, "zilikuwa zimeoza kweli?"

"Sijui, papa. Ulizifuta bila kuniuliza."