Neno la Chediel

…na kwa nini aandike Kiingereza, Chediel huyu, kaka yangu wa tumbo moja, kundi zima la familia limejaa shangazi na baba wadogo ambao Kiingereza chao kinaishia good morning, halafu yeye asubuhi ya posa yangu anatupia neno moja tu chini ya picha ya Simeoni mchumba wangu, dubious, bila maelezo, kisha anazima data huko kwake Dar, na wote wakanigeukia mimi, mwalimu tuambie, maana yake nini, nikasema ni… ni mtu wa kutiliwa shaka kidogo, nikamwona mama anaweka mwiko chini… "Loyce, unaitwa, wazee wanasubiri," shangazi Yasinta yuko mlangoni, nakuja shangazi, namalizia kilemba, kilemba kimefungwa zamani, sebuleni mshenga anakohoa, Simeoni amekaa kando yake, nitatoka na baba ataniuliza kama wanavyoulizwa mabinti wote wa ukoo huu, mwanangu, hawa wageni unawafahamu, tupokee vyao, nami niseme nawafahamu baba, pokeeni, basi, dada zangu wote wamesema hivyo, Belinda alisema huku anacheka, na mimi nimekaa kitandani nachambua Kilatini, maana nilifungua kamusi, mwalimu hawezi kuacha neno lilale, imeandikwa asili yake ni dubius, na ndani yake kuna mbili, mtu aliyesimama kati ya mawili hajui ashike lipi, haya, imenisaidia nini, Warumi waliharibikiwa posa gani… angeandika Kiswahili angelazimika kusema ameona nini, angeandika Kinyiramba baba angempigia papo hapo, umemwona wapi, na nani, sema, lakini Kiingereza ni kama kurusha jiwe juu ya bati la watu na kukimbia, msomi mzima, amekutana na Simeoni mara moja tu, msibani, wakasalimiana, wakala, wakaachana, ameona nini… "Loyce! Chakula kinapoa!" naam shangazi… ameona nini ambacho mimi sijakiona, dereva wa lori, mpole, shikamoo zake kwa mama hazina dosari, hanywi, ananipigia kila siku isipokuwa akilala Shelui, husema ni mtandao mpenzi, Shelui mtandao unasumbua, nami nikasema pole, mimi niliyefanya mazoezi ya kufundisha hapohapo Shelui, nikimpigia mama kila jioni nimekaa mlango wa jikoni, sauti safi mpaka namsikia mbuzi wake, nikasema pole, safari njema, na safari iliyofuata nikasema pole tena, sikuuliza, niliogopa akinijibu nitabaki na jibu lake na umri wangu huu… nilijua, Mungu wangu, nilijua, Chediel hajaniletea kitu, ameandika tu nilichokuwa nimekilalia, ndiyo maana tangu asubuhi natamani kumnyonga, hasira yote hii, na yeye hata hajui habari za Shelui… "Loyce, mwanangu, unaumwa?" siumwi shangazi, bado nimekaa lakini siumwi, mshenga anakohoa tena, mwache akohoe, nitatoka, baba ataniuliza na nitamwomba anisubiri kidogo, nitamgeukia Simeoni mbele ya wazee wa kwao na wa kwetu, kwa Kiswahili ambacho kila mtu mle ndani anakielewa, nimuulize akilala Shelui huwa anazima simu kwa ajili ya nani.