Shukrani kwa Mguu wa Refly

Jumapili ya Shukrani, kijijini Tumaluwir hakuna anayeshinda na njaa, hata mlevi, hata mgeni asiyejua amekuja kwa nani. Ibada ikiisha milango yote huachwa wazi. Nguruwe ameshapikwa kwa pilipili tangu alfajiri, wali wa nazi umechomwa ndani ya mianzi, na magari kutoka mjini Manado yamejipanga barabarani mpaka chini kwenye mashamba ya karafuu. Unaingia nyumba yoyote, unakula, unaaga, unaingia inayofuata. Wapo wanaokuja kumshukuru Mungu na wapo wanaokuja kushindana na matumbo yao, na wakishakaa mezani, kwa kweli, huwezi kuwatofautisha.

Sharti ni moja tu. Hakuna anayegusa kijiko kabla mzee wa kanisa au shemasi hajaiombea meza. Ndiyo maana siku hiyo Altje Wowiling, shemasi wa Jumuiya ya Saba, alitembea kuliko tarishi. Nyumba zake zilikuwa kumi na mbili. Miaka tisa aliziombea zote kwa furaha, akijua nani atamtania kwa sala zake ndefu na nani atamfungia nyama ya kupeleka nyumbani. Mwaka huu aliamka na nyumba moja tu kichwani, ya kina Kaunang. Hakutaka kuifikia, wala hakutaka kuikosa.

Mwezi wa tatu, binti yake Marsela, wa miaka kumi na tisa, alipanda pikipiki nyuma ya Refly Kaunang wakitoka mazoezi ya kwaya. Kwenye kona ya juu ya mto wakakutana na lori. Marsela alifia palepale. Refly alivunjika mguu sehemu tatu, akalazwa wiki sita, akarudi kwao. Tangu siku aliporudi, Altje alikuwa na sala moja ambayo hakumwambia mtu, hata mumewe Yopi. Kila asubuhi akichochea moto alimwomba Mungu mguu wa kijana yule usipone. Kuna asubuhi hakuishia kwenye mguu. Aliomba Mungu amchukue na yeye, ili Deitje, mama yake Refly, ajue inavyouma.

Kisha jioni alivaa vizuri, akaenda kwenye ibada ya jumuiya, akawaongoza watu kumshukuru Mungu kwa ulinzi wake, na ulimi wake haukukwama hata mara moja. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa akidhani mtu mwenye chuki kiasi kile sala itamkaba kooni. Haikumkaba. Ilitoka laini, watu wakaitikia amina, wakaenda kulala.

Wiki moja kabla ya sikukuu ikasikika kwamba Refly ameacha magongo. Siku hiyohiyo Herling, mzee wa kanisa wa jumuiya yao, mwanamume mwenye tumbo kubwa na roho nyepesi, akamfuata Altje uani.

"Shemasi, ile nyumba niachie mimi."

"Nyumba ipi?"

"Usinilazimishe kuitaja, jamani. Wewe ombea hizi za juu, mimi nitapita kule chini. Hakuna atakayekusema."

"Watanisema sana. Watasema shemasi anachagua meza."

"Waache waseme. Na tumbo hili, unadhani nyumba moja ya ziada itanishinda?"

"Nitaenda mwenyewe, Herling."

Herling akamtazama, macho yakamlowa. Kufikia Jumanne kijiji kizima kilikuwa kinasema Altje amekomaa kiimani, kwamba mwanamke kama yule hupati wawili. Mchungaji akamgusia kwenye mahubiri ya katikati ya wiki bila kumtaja jina, kwa namna ambayo kila kichwa kanisani kiligeuka kumtazama. Altje akainama, watu wakasema unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu wala imani. Alitaka kukaa kwenye meza ya Deitje wamwone usoni. Alitaka kuomba sala nzuri, ndefu, amtaje Marsela katikati yake, kisha akae kimya aone nyama ile watakavyoimeza. Hicho ndicho alichokuwa anakiendea, na alijijua vizuri.

Basi siku ikafika. Nyumba ya kwanza aliomba, ya pili aliomba, ya tatu wakamwambia afupishe maana supu inapoa, akafupisha. Kwenye nyumba ya sita kulikuwa na mama mmoja wa mjini, mgeni aliyekuja na mgeni, anajipakulia nyama ya popo iliyopikwa kwa nazi na kuongea na kila mtu.

"Shemasi ana watoto wangapi?"

"Wawili," alisema Altje. "Wa kiume yuko Bitung, anafanya kazi kiwanda cha samaki."

"Na mwingine?"

Mwenye nyumba akamsogezea mgeni sahani. "Kula, dada yangu. Popo akipoa hana maana."

Altje akacheka na wengine. Alipotoka nje ilibidi ashike nguzo ya baraza kwa muda, akijifanya anavaa viatu.

Saa tisa alasiri alikuwa amemaliza zote ila mbili. Akateremka kuelekea kwa kina Kaunang huku akipanga maneno yake. Alikuwa nayo mengi na yote yalikuwa mazuri. Alipofika kwenye ua akasimama.

Mlango ulikuwa umefungwa. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na viatu vya wageni mlangoni, hata bakuli la nje la maji ya kunawa halikuwepo. Siku ya Shukrani hata ajuza Sien, anayeishi kwa kuokota karafuu zilizodondoka, huwa anafungua mlango na kupika maharage. Altje hakuwahi kuona mlango uliofungwa siku hiyo tangu azaliwe. Akabisha hodi mara tatu.

Deitje alifungua kidogo tu, kiasi cha uso. Alikuwa amevaa gauni la kazi, nywele hazijachanwa. Zamani wawili hawa walikuwa wakiitana mkwe kwa utani, kwa sababu Refly alikuwa haishi kupita kwa kina Marsela kuulizia nyimbo za kwaya ambazo alizijua tayari.

"Shemasi," alisema Deitje. "Mwaka huu sisi hatuna kitu."

"Hamna kitu vipi? Mavuno ya karafuu mmepata kama wengine."

"Hatujapika."

"Nimekuja kuiombea meza."

"Meza haina kitu, Shemasi. Nimekwambia."

Altje akausukuma mlango, si kwa nguvu, na Deitje akampisha. Mezani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na chupa ya dawa ya kuchua. Basi. Altje akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Mnafanya nini humu gizani?"

"Tushukuru kwa uso gani?" Deitje alibaki amesimama. "Niambie wewe. Nichinje nguruwe, niite watu, niseme Mungu asante wangu amepona? Wewe ukisikia nyimbo kutoka hapa si utanilaani? Mimi ningekulaani. Tangu mwezi wa tatu hatujataja mguu wake kwenye sala. Hata hapa mezani, sisi watatu peke yetu. Baba yake akianza kusema asante, namkanyaga."

"Mbona sijamwona Refly?"

"Anapita njia ya kijitoni. Nilimkataza barabara, asije akapita mbele ya nyumba yako akakuumiza. Na mguu ule, kwenye mawe, kila siku. Siku mbili ameanguka."

Altje aliinamisha uso akatazama mikono yake. Kila kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa mbele yake. Aliomba Deitje ajue, na Deitje alikuwa anajua. Alitaka nyama iwakwame kooni, kumbe hata hawakuipika. Na hakusikia raha yoyote. Alijisikia vibaya, kama mtu aliyefumaniwa anaiba, na zaidi ya hapo alikasirika, maana sala yake nzuri sasa haikuwa na pa kwenda.

"Mwite," alisema.

"Shemasi, tafadhali."

"Mwite mwanao, Deitje."

Hakukuwa na haja. Refly alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amekonda, kichwa kimenyolewa upande mmoja penye kovu.

"Njoo hapa," alisema Altje.

Ni hatua kama saba kutoka jikoni mpaka mezani. Mguu wa kulia ulitua vizuri. Wa kushoto ulifuata nyuma ukiburuta kidogo sakafuni. Altje alisikia mburuto ule mara saba, na kila mara alimkumbuka Mungu aliyekuwa akiombwa asubuhi penye moto. Kijana akasimama mbele yake, jasho limemtoka.

"Walisema lori lilihama upande wake," alisema Altje. "Polisi walisema hivyo."

"Lilihama, Mama Marsela."

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Wote walikuwa wamekimbilia kwenye jina la Shemasi, akiwemo mumewe.

"Lakini na mimi nilikuwa nakimbiza," alisema Refly. "Ningeenda polepole ningeweza kulikwepa."

"Refly," alisema mama yake. "Nyamaza."

"Aliniambia nipunguze. Mara mbili. Mimi nikacheka, nikaongeza."

Deitje akaziba mdomo kwa kiganja. Kutoka nyumba ya jirani zilisikika kelele za wageni na mtu akiangua kicheko. Altje angeweza kuinuka akaondoka, na nani angemlaumu? Angeweza kulipeleka neno lile mlango kwa mlango kabla jua halijazama. Alimtazama kijana, naye hakukwepa macho yake. Alikuwa analia bila kujipangusa, mtoto wa miaka ishirini ambaye miezi minne alikuwa akisubiri mtu mmoja tu wa kumwambia.

"Kwa nini umeniambia?"

"Sina mwingine wa kumwambia. Watu wote wananipa pole."

Altje akamgeukia mama yake.

"Deitje, nyumba hii hakuna hata wali?"

"Upo wa asubuhi. Na kipande cha samaki mkavu."

"Weka mezani."

"Shemasi, si chakula cha kumpa mtu leo."

"Weka, nimesema. Na umwite baba yake."

Vikaletwa sufuria ya wali mkavu, samaki aliyechomwa haraka haraka juu ya mkaa, na pilipili kwenye kisosi. Max Kaunang akaja kutoka uani, akakaa pembeni bila kuthubutu kumtazama mgeni. Wakainamisha vichwa. Altje akafumba macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuwa na neno hata moja. Yale yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamempotea. Alikaa kimya mpaka Max akafungua jicho moja kuangalia kama yupo.

"Bwana," alisema mwishowe. "Refly yuko hai."

Akaendelea polepole.

"Yuko hai na anatembea. Nimemwona kwa macho yangu akitoka jikoni mpaka hapa. Mama yake anaogopa kukwambia asante kwa sababu yangu, kwa hiyo nakwambia mimi. Mimi nilikuomba mguu huu uoze. Unajua. Nilikuomba kila asubuhi, na siku nyingine nilikuomba umuue, na sikuwa natania." Deitje alishtuka kando yake lakini Altje hakukoma. "Ningekuwa wewe ningemsikiliza mtu kama mimi, maana nilikuwa nalia. Wewe ukanikatalia. Nina hasira na wewe kwa ajili ya Marsela, na hasira hiyo siiachi leo, usinidai leo. Alimwambia apunguze. Umesikia mwenyewe, alimwambia. Lakini hili la kunikatalia, asante. Asante kwa kunikatalia. Sina lingine."

Hakuna aliyesema amina. Altje mwenyewe hakuweza. Alingoja, kichwa chini, mpaka alipoisikia kutoka kwa Refly, ndogo, imekatika katikati. Ndipo Deitje akaisema, na Max, naye Altje akaisema mwisho.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote watatu walikuwa wanamtazama. Altje akachukua sahani ya Refly, akapakua wali, akamvunjia samaki, akamwekea mbele yake.

"Kula. Mguu huo unataka nguvu."

Refly akashika kijiko. Alikula kama mtu anayemeza dawa, lakini alikula. Altje alichukua kidogo, akatafuna, akakimeza kwa shida. Bado ilikuwa imebaki nyumba moja na watu wake walikuwa wanamngoja na njaa. Alipoinuka, Deitje alimsindikiza mpaka mlangoni. Altje akamgeukia kijana aliyekuwa bado mezani.

"Kesho upite barabarani. Huko kijitoni usipite tena."

"Sawa, Mama Marsela."

"Nitakuwa barazani. Labda nitakusalimia, labda nitaingia ndani nifunge mlango, sijui. Nikiufunga, wewe pita tu. Na kesho kutwa upite tena."