Vishikio vya Orrin Tebbets

Msimu ule wa mwaka 1904, Chuo cha Harlow Creek, huku kwetu Iowa, kilikuwa na kiwanja kimoja cha mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, na ng'ombe mmoja. Ng'ombe alikuwa wa mkuu wa chuo, Daktari Whitlow, na kusema kweli alikitumia kiwanja vizuri kuliko sisi. Tangu Septemba tulikuwa hatujapata hata alama moja.

"Mkimaliza msimu hivi hivi," Daktari Whitlow alitutangazia kanisani, mbele ya wasichana wote, "mpira basi. Nitalima viazi pale. Viazi angalau huzaa."

Tukaitikia Amina kwa mazoea.

Kocha wetu, Bwana Stoddard, ambaye siku za kazi alitengeneza majeneza, hakukata tamaa. Alimchukua Orrin Tebbets, mwenzetu mdogo kuliko wote, akampeleka kwa fundi wa matandiko ya farasi. Orrin akarudi na vishikio viwili vya ngozi vimeshonewa kwenye suruali, kimoja kila upande wa kiuno. Mpango ulikuwa rahisi: yeye akumbatie mpira, mimi na nahodha Quimby tumnyanyue na kumtupa juu ya vichwa vya maadui. Sheria za enzi zile zilikataza mambo machache sana, ndiyo maana wengi wetu hatuna meno ya mbele.

"Kwani mimi nimeulizwa?" Orrin alilalamika.

"We mzigo," Quimby akamjibu. "Tangu lini mzigo ukaulizwa?"

Tulimtupa vizuri sana. Shida ilikuwa kule alikotua. Maadui nao wana mikono. Walimdaka, wakamshika palepale tulipomshika sisi, wakamrudisha mbio hadi nyuma ya mstari wetu wa goli, wakajipatia alama mbili za bure. Aliyebebwa hivyo alikuwa na dawa moja tu: kupiga kelele "Chini!", na mwamuzi angesimamisha mchezo. Lakini pua ya Orrin ilikwishavunjwa, kwa hiyo alivaa kinga ya pua ya raba, ile inayoshikiliwa kwa kung'atwa na meno. Akifungua mdomo, pua inabaki wazi. Akiufunga, anabebwa. Kilichotoka ni "Mmmm!" tu, na mwamuzi hakuijua mmmm.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Watu walianza kuja kumtazama yeye tu.

"Sanduku! Leo safari ya wapi?" walimpigia kelele.

Mwanzoni Orrin alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka, kisha akaacha kula nasi mezani. Iliniuma, maana tulilala chumba kimoja, na usiku sikusikia tena hadithi zake za uongo.

Mechi ya mwisho ilikuwa Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, dhidi ya Chuo cha Penfield. Daktari Whitlow alikuja mapema, na kando ya kiwanja kulikuwa na plau, imepakwa mafuta tayari. Mzee yule hakuwa na haya.

Jioni ilipokaribia tulikuwa tumefungwa thelathini na moja kwa sifuri. Penfield walikuwa na mpira karibu kabisa na goli lao wenyewe, na badala ya kuupiga mbali wakaamua kutukebehi. Wakaingiza kijana mwembamba mwenye vishikio vipya vinavyong'aa. Mashabiki wao wakaangua kicheko.

Orrin hakucheka. Alimkazia macho yule kijana.

"Ana kinga ya pua," akaninong'oneza, yake akiiacha ining'inie shingoni.

Wakamtupa. Akatua mikononi mwetu. Orrin ndiye aliyekuwa wa kwanza kukamata kishikio, kwa mikono yote miwili, nasi tukasukuma kwa nyuma kama wendawazimu.

"Mmmm!" kijana alilia.

"Usifungue mdomo, ndugu yangu," Orrin alimwambia kwa upole huku akimkokota. "Pua haioti tena."

Tukamlaza nyuma ya mstari wao. Alama mbili!

Mechi tulipoteza, tena vibaya. Daktari Whitlow aliitazama plau, akamtazama ng'ombe wake, akavaa kofia.

"Alama ni alama," akanung'unika, akaondoka.

Chuo kizima kikaingia uwanjani. "Sanduku! Mbebeni Sanduku!" Quimby akanyoosha mkono kiunoni kwa Orrin.

Orrin akaivua ile kinga ya pua shingoni, akaitupa chini kwenye matope.

"Mabegani," akasema. "Atakayegusa kishikio, namng'ata."

Tukambeba mabegani. Msimu mzima nilikuwa nikimrusha huku na huku, na sikuwahi kujua kwamba ni mzito hivyo.