Mkate wa Mwatima

Jokofu la maabara kule Gombani liliharibika mwanzoni mwa Ramadhani. Mwatima, fundi wa maabara, akakileta kichupa cha kingamwili nyumbani kwake Mtambile, akakiweka ndani ya friji baina ya maziwa na arki ya vanila. Kingamwili ile ilikuwa na kazi moja tu. Ndani ya seli mna protini inayobeba mizigo kutoka inakotengenezwa hadi inakotakiwa. Kingamwili hunata kwenye protini hiyo ikang'aa kijani, na mwenye hadubini akaona nini kinakwenda wapi.

Alasiri wifi yake Mize akatia matone ya kichupa kile kwenye mkate wa kumimina, akidhani ni arki. Mkate ukaumuka vizuri.

Tangu siku ile, kila futari iliyotoka jikoni kwa Mwatima, si mkate tu, iling'aa kijani, na ilipopita iliacha mstari chini, mwembamba kama wa konokono. Mstari mmoja ulikwenda kwa jirani, Bi Time, na muhogo wa nazi. Mwengine kwa Mzee Jaribu na sambusa. Bi Time alisema ni vyema, sasa anaona pa kukanyaga.

Mstari wa tatu ulikuwa wa mumewe, Mbarouk. Kila magharibi alibeba hotipoti ya pweza kuwafuturisha watu msikitini, akitafuta thawabu. Minyiri yote, ile mikono ya pweza, ilikwenda huko. Mwatima alibakiwa na kichwa. Jioni moja aliufuata mstari ule. Uliupita msikiti bila kukata kona, ukaingia kwa Moza mshonaji. Watu wa barazani, pale njiani, walimwamkia kwa adabu. Ndoa ile ya pili walikuwa wakiijua tangu mfunguo tatu, mwezi wa hija.

"Karibu, bibi mkubwa," alisema Moza mlangoni. "Bwana mwenyewe anatawadha. Jana chumvi ilizidi."

"Nilikuwa nimefunga. Ningeionjaje?"

"Na pweza unamchemsha mno, dada yangu. Anapoteza utamu."

Mwatima alikuwa akimtazama. Moza aling'aa shingo, mikono na mashavu, kijani laini, kama bibi harusi aliyepakwa liwa ya mwezini. Ilimpendeza. Hilo ndilo lililomchoma Mwatima kuliko ndoa yenyewe.

Mbarouk aliporudi, Mwatima alimuuliza, "Msikiti gani ule wenye cherehani?"

"Kwani yule si ntu?" alisema Mbarouk, akivua viatu. "Hafungi?"

Mize akacheka jikoni, kisha akajifanya anakohoa.

Mwatima alikata kipande kikubwa cha mkate akala peke yake, akaenda kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa ile ile. Akala kipande chengine. Shingo ile ile. Alielewa, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kingamwili hung'aa pale tu mzigo unapobebwa kupelekwa mahali, na yeye hakuna aliyembebea kitu.

Kesho yake alipika pweza kwa moto mdogo. Chumvi aliipunguza. Baada ya adhana ya magharibi alikuwa bado ameshika mfuniko, akiitazama ile minyiri, waliposikika watu wa barazani wakiita.

"We Mwatima! Mtoe mumeo, bibi! Kiza kinaingia, nasi twataka kwenda kuswali!"

Mwatima akafunika hotipoti, akampa Mbarouk. Mume akatoka nayo iking'aa, na wazee wakainuka mmoja mmoja wakafuata mwanga nyuma yake.